Radio moja kwa kazi zote? Mimi nasema tungoje kwanza



Tangu msimu wa mihogo uliopita, ulizo moja inarudi kila mara ku mikutano ya koperative zetu, kutoka Uvira mpaka Baraka na Fizi, na hata upande wa Lulimba. Kamio yetu inakaa njiani siku mbili, siku tatu, simu haishiki, tununue radio gani? Na jibu ambalo wengi wanaleta, kwa kawaida wamelipata kwa muuzaji wa mjini, ni hili: kuko mashini moja, inafanya sibi, inafanya radioamateri, inafanya foni, yote mu kisanduku kimoja. Ifunge ku kamio, na kazi imekwisha. Bei iko kali, lakini ni kulipa mara moja tu.

Nimefanya kazi ya fonisti miaka mingi mbele ya kuingia mu mambo ya kilimo, na ninaomba nafasi hapa niseme maoni yangu wazi: pesa ya koperative isinunue mashini ile. Si kwamba ni uongo wa soko. Mashini iko kweli. Icom IC-706MKIIG, Yaesu FT-857, hizo ni radio nzuri, ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, na zinashika kuanzia mawimbi mafupi ya chini kabisa mpaka VHF na UHF. Kwa mwenye kujua kazi yake ni raha kuwa nayo. Shida haiko ndani ya kisanduku, na njo maana muuzaji anaweza kukuonyesha kisanduku siku nzima na wewe usiione shida.

Tuanze na majina, juu wengi wanayachanganya. Sibi ni radio ya raia wa kawaida. Ilianzia Marekani, inasema ku 27 MHz, iko na kanali 40, na nguvu yake kwa sheria ni ndogo: wati 4 kwa AM, wati 12 kwa ile njia ingine inayoitwa SSB. Radioamateri ni kitu kingine kabisa. Ni watu wenye kupenda ufundi wa radio, wako dunia nzima, kila mmoja anapewa na serikali yake jina la hewani, na jina la kwetu Kongo linaanza na 9Q. Wanajifunza, wanajaribu antena, wanasalimiana toka nchi mpaka nchi. Na foni, ile tunayoijua sisi wote, ni radio ya mawimbi mafupi ya kazi: ya parokia, ya hospitali, ya mashirika, ya wafanyabiashara wa zamani waliokuwa wakiagiza mali mbele simu za mkononi hazijafika. Masikio ya mtu anayepita ku mlango yatasikia kelele ileile, «nakusikia, nakusikia, badilisha». Lakini ni nyumba tatu, zenye wenyewe watatu.

Sasa, kwa nini sibi ilifanikiwa kule Marekani? Hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 1973 mafuta ilikosekana, na mwanzo wa 1974 serikali yao ikaweka mwendo usiopita kilomita karibu 88 kwa saa ku barabara kubwa. Mashofere wa makamio wakaanza kuambiana kwa sibi: pale kuko mazuti, pale polisi wamejificha. Radio ilikuwa ya bei ndogo, ikaingia mu makamio mengi sana, na kanali 19 ikawa kama soko ya barabara. Ukibonyeza, mtu anajibu. Si kwa sababu mashini ilikuwa ya ajabu. Ilijibu kwa sababu mbele yako na nyuma yako kulikuwa na kamio ingine yenye sibi ileile, ku kanali ileile, na shofere mwenye kusema luga moja na wewe.

Haya. Tuchukue barabara yetu, RN5, toka Uvira kushuka Baraka, kupanda Fizi, kuendelea Lulimba na kwenda Kalemie. Mu makamio yote unayopishana nayo siku moja, ngapi ziko na sibi? Mimi sijaona hata moja yenye kuitumia. Basi ukinunua sibi, hata iwe nzuri namna gani, utabonyeza kanali 19 na utasikia upepo. Ao mbaya zaidi: utasikia watu, lakini watu ambao hawawezi kukusaidia. Mawimbi ya 27 MHz yako na tabia moja ya kuchekesha. Karibu na ardhi yanaenda kilomita chache tu, na mlima ukisimama katikati yamekufa. Lakini saa jua iko na nguvu, hasa mu miaka ile ambapo madoa ya jua ni mengi, yanaruka juu ya anga na kuanguka mbali sana, ku bara ingine. Kwa hiyo shofere amekwama mu matope nyuma ya Fizi, anaweza kusikia vizuri kabisa mzee fulani wa Italia anawasalimia rafiki zake, na Baraka pale chini, ku depo, mama mwenye kungoja mawese hasikii hata neno moja.

Hii njo sababu yangu ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kupita zote. Radio moja haisemi. Inaomba ya pili. Komite inahesabu bei ya radio ya kamio, inaandika ku daftari «radio: 1», na hakuna anayeuliza ile ya depo iko wapi, na nani atakaa mbele yake saa kumi na mbili ya jioni wakati kamio haijafika. Ninajua koperative, sitataja jina, ambayo radio ya gari ilifungwa vizuri, na antena ndefu juu, watoto wanaikimbilia barabarani. Mwisho wa mwezi shofere aliulizwa imemsaidia namna gani. Akajibu kwa adabu: «Papa prezida, nasema kila siku, lakini sijapata wa kumwambia.»

Watu wa radioamateri watasema: lakini sisi tuko, dunia nzima, mtu atakujibu. Ni kweli wako, na ninawaheshimu, siku za tetemeko na mafuriko wamefanya kazi nzuri mu nchi nyingi. Lakini tusome vizuri sheria yao. Kanuni za kimataifa za radio, zile za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, zinasema huduma ya amateri ni ya kujifunza, ya kuwasiliana wao kwa wao na ya kuchunguza ufundi, bila faida ya pesa. Bila faida ya pesa, wanamemba. Sasa sisi tunataka kusema nini ku radio? Tunataka kusema: mahindi ya Lulimba iko gunia ngapi, muuzaji anaomba bei gani, tupakie ao tungojee. Hiyo ni biashara, hata kama ni biashara ya maskini. Amateri mwenye 9Q yake akikubali kutupitishia habari ya bei kila juma, yeye njo anaweza kupoteza ruhusa yake. Tusimwombe mtu kitu cha namna hiyo.

Tena ruhusa ile ni ya mtu, inafuata kichwa chake na ufundi wake. Haiingii mu kamio pamoja na kisanduku. Siku shofere anabadilishwa, ruhusa inaenda nyumbani na shofere wa zamani.

Kuko wenye kujibu: «Lakini kama ni hatari, mtu akifa, sheria inakubali kutumia frekansi yoyote.» Sawa. Kanuni za kimataifa zinasema wazi kwamba hakuna kitu ndani yake kinachozuia kituo chenye kuwa mu hatari kutumia njia yoyote iliyo nayo ili kuomba msaada. Sibishani na hilo. Ninauliza tu: siku ya hatari utaita nani, ku frekansi gani, saa gani? Msaada wa radio unatayarishwa siku ambazo hakuna hatari. Ni masaa ya kusikiliza yaliyopangwa, ni mtu anayejua sauti ya shofere wake, anayejua kwamba asiposikika ile saa kumi, kuko jambo. Sheria inakuruhusu kupiga kelele. Haikupatii mwenye kusikia.

Nije ku karatasi, na hapa naomba wanakomite wasome mara mbili.

Mashini hizi za radioamateri, zikitoka kiwandani, zinaweza kusikiliza karibu kila mahali, lakini kusema zinasema ku bendi za amateri tu. Ili iseme ku 27 MHz ya sibi ao ku frekansi za foni ya kazi, fundi anaifungua na kukata ao kuunga kitu kidogo ndani. Wenyewe wanaita «kuifungua». Njo ile muuzaji anakuambia kwa sauti ya chini: hii imefunguliwa, inasema popote. Anaitaja kama zawadi. Huko Marekani kwenyewe, mwenye sibi anapaswa kutumia mashini iliyokubaliwa kwa ajili ya sibi, na radio ya amateri iliyofunguliwa haiko ndani, hata kama mwenyewe ni amateri mwenye ruhusa. Kwa hiyo ile ndoto ya radio moja kwa vyote viwili haikubaliwi hata pale sibi ilizaliwa.

Kwetu, frekansi ni mali ya Serikali na inagawanywa na ARPTC. Kuwa na radio ya kusema bila ruhusa ni kosa. Lakini tuache kwanza tribinali, tuseme ya barabarani. Nyinyi munajua baryera zetu vizuri kunipita. Askari anaona antena ya mita mbili na nusu, anaona mashini yenye namba nyingi ambayo inaweza kusema popote, hata ku frekansi zake yeye. Anauliza: hii ni ya nani, unasema na nani kule juu ya mlima? Shofere hana karatasi. Mu eneo ambako kuko vikundi vya silaha, hiyo si ulizo ya kuchezea. Mashini itachukuliwa, hiyo ni hasara ya pesa. Na shofere naye anaweza kuchukuliwa, hiyo si hasara ya pesa. Ninajua mashofere wawili ambao walilala mahali ambapo hawakupanga kulala, kwa sababu ya kisanduku kidogo kama hicho. Komite iliyonunua ilikuwa nyumbani inakula sombe.

Radio ya kazi yenye frekansi yake iliyoandikwa, yenye kanali mbili ao tatu tu, yenye barua ya ARPTC na kopi ku teritware na ku watu wa usalama, hiyo askari anaweza kuisoma. Inasema kitu kimoja, na karatasi inasema kitu kile kile. Mashini inayosema popote haiwezi kuwa na karatasi inayosema popote.

Sasa ufundi kidogo, kwa sababu pesa nyingi inapotelea hapa.

Makamio yetu mengi, Fuso kubwa, Mercedes, HOWO, ziko na bateri mbili zilizoungwa moja nyuma ya ingine: volti 24. Radio hizi zote za amateri na sibi nyingi zinaomba volti 12, ao kwa uhakika zaidi 13,8. Ukiunga moja kwa moja ku 24, moshi unatoka, na muuzaji hakujui tena. Kisha anakuja fundi wa mtaa anasema: hapana shida, tunachukua umeme ku bateri moja tu, hiyo ni 12. Msikubali. Bateri ile moja itachoka kila siku, ya pili itajaa kupita kiasi, na mbele ya mwaka kuisha mutanunua bateri mbili mpya. Inafaa konvertisa ya 24 kwenda 12. Na isiwe ile ndogo ya kuchaji simu: radio ya wati 100 inakunywa karibu amperi 20 wakati unabonyeza na kusema. Waya wanene, fuzi karibu na bateri. Muulize muuzaji wa «kulipa mara moja tu» kama konvertisa iko ndani ya bei.

Na antena. Radio inaweza kuwa moja, antena haiwezi. Ili waya utoe mawimbi vizuri, urefu wake unafuata frekansi. Robo ya wimbi ku 27 MHz ni karibu mita 2,7. Ku 145 MHz, bendi ya VHF ya amateri, ni nusu mita tu. Ku 7 MHz, mahali ambapo foni inafanya kazi ya kuvuka milima mchana, ni zaidi ya mita 10. Kuko antena fupi zenye koili, kuko za kujipima zenyewe kwa motere, lakini zile nzuri zinaweza kukaribia bei ya radio, na zile mbaya zinakula nguvu yote ziwe moto. Mtu anayefunga antena ya sibi na kusema nayo ku 7 MHz, nguvu inarudi ndani ya mashini. Radio nzuri itajipunguza yenyewe, ile ya zamani itaungua. Fundi asiye na tosmeta mkononi asiguse antena yenu, hata kama ni mtoto wa shangazi ya prezida. Na mufikirie pia matawi ya miti, na magunia yaliyopangwa kupita kabini, na watu walioketi juu ya magunia: fimbo ya mita 2,7 itakaa siku ngapi?

Kwa hiyo tufanye nini? Maana ulizo yenyewe ni ya haki. Kamio yenye kukaa siku tatu mu matope bila habari, mihogo inaoza, wanunuzi wanaondoka, wake za mashofere hawalali. Si anasa.

Maoni yangu ni kuanza na umbali, si na mashini. Koperative ambayo kamio yake inazunguka ku tambarare kandokando ya ziwa, tuseme kilomita kumi ao ishirini kutoka depo, bila mlima katikati, hiyo VHF ya kazi inatosha: radio moja ku kamio, moja ku depo na antena juu ya mti mrefu ao paa, na motorola mbili za mkononi kwa wale wanaokusanya mali vijijini. Frekansi moja, yenye ruhusa. Kama kuko kilima ambacho kinaona pande zote mbili, koperative kadhaa zinaweza kuungana na kuweka relai pale, lakini hapo kuko mambo ya sola, ya mlinzi, ya radi, na mimi ningesema tuanze bila relai.

Kamio yenye kupanda Fizi na kuendelea ng'ambo, ile inaomba foni ya mawimbi mafupi. Hapa namna ya kufanya ni tofauti na watu wengi wanavyodhani. Hatutafuti wimbi lifike mbali kule Italia, tunataka lipande wima, ligonge tabaka la anga lililo zaidi ya kilomita 200 juu yetu, na lirudi chini kama mvua. Mvua haiulizi mlima. Inanyesha Baraka, inanyesha Fizi, inanyesha Lulimba, kilomita mia tatu kuzunguka. Mchana frekansi za 5 mpaka 8 MHz zinafanya hivyo vizuri, usiku mnashuka chini, 3 ao 4. Sibi ya 27 MHz haiwezi kazi hiyo hata ungeipa wati elfu: wimbi lake likipanda wima linatoboa anga na kwenda zake. Ombeni basi frekansi mbili, moja ya mchana na moja ya usiku, si moja.

Na antena ya foni, mbona tunafikiri lazima iwe juu ya kabini? Kamio iliyokwama haitembei. Shofere na konvoyeri wanaweza kubeba waya uliopimwa, wautundike kati ya miti miwili, mita tatu ao nne juu, katikati kebo inashuka ku radio. Kwa 7 MHz, waya wote ni karibu mita 20. Kwa frekansi ingine munagawanya 143 kwa megahertz, inakupa mita. Waya huo wa bei ndogo unasema vizuri kupita fimbo nyingi za bei kali, hasa kwa ile kazi ya mvua inayorudi chini. Ku depo munaweka wa namna ileile juu ya mianzi, na haushuki tena. Codan na Barrett, zile foni za Australia ambazo munaona mu gari za mashirika, zimetengenezwa kwa kazi hii: kanali zinapangwa na fundi, shofere anageuza kitufe kimoja tu. Za mkono wa pili zinapatikana. Ni nzito, hazina taa nyingi, na hazivutii kijana wa mjini. Kwa shofere mwenye usingizi saa nane ya usiku, kitufe kimoja kiko sawa.

Bei, najua. Radio mbili, waya, konvertisa, ruhusa ya kila mwaka: koperative moja yenye kamio moja itashindwa. Ndiyo, na ingeshindwa pia na kisanduku cha muuzaji kama wangehesabu vyote. Mimi naona hii ni kazi ya muungano wa koperative: fonisti mmoja, depo moja yenye foni, masaa matatu ya kusikiliza kwa siku, kila kamio inalipa kidogo kwa safari. Fonisti alipwe. Mtu wa kujitolea atasikiliza juma ya kwanza na ya pili.

Na hapa niseme neno kwa upande wetu, sisi wa miradi. Tuko na mazoea ya kutoa mashini, kupiga picha siku ya kutoa, na kuondoka. Kama koperative itatuomba msaada kwa ajili ya radio, mimi ningeomba wenzangu wasaidie ruhusa na mshahara wa fonisti wa mwaka wa kwanza mbele ya kununua hata antena. Najua haionekani vizuri ku picha.

Kitu kimoja kingine, hata kwa wale ambao tayari wako na motorola leo. Radio si simu. Kila mwenye mashini ku frekansi ile anasikia, na mashini zile zilizofunguliwa ziko mikononi mwa watu wengi, hata wasio wazuri. Msitaje pesa hewani. Msiseme «tumetoka soko, mfuko iko na mama fulani, tutapita daraja saa kumi». Pangeni majina yenu ya mahali, namba kwa vituo, na muyabadilishe kila mwezi. Shofere aseme: «Nimefika nne, kila kitu sawa.» Inatosha.

Mwenye koperative yenye mwanamemba aliye radioamateri wa kweli, na 9Q yake, basi ana bahati. Amwombe afundishe vijana kupima antena, kuunga waya, kutumia tosmeta. Hiyo ni kujifunza ufundi, na sheria yake inamruhusu. Radio yake iwe yake, ikae nyumbani kwake.

Na mwenye kununua tayari kisanduku cha kila kitu? Asikitupe, tena asikifunge ku kamio. Akiweke ku depo, mikrofoni ifungiwe mu sanduku la mweka hazina, aende kuuliza ku ARPTC kama kinaweza kuandikishwa na kwa masharti gani. Mpaka jibu lipatikane, kamio itoke na karatasi ya safari yenye saa tatu za kupiga simu na mahali tatu ambako simu inashika, zimeandikwa kwa kalamu, kopi moja kwa shofere na moja kwa mama wa depo. Ku barabara ya Fizi mashofere wote wanajua ni kona gani munapata mistari miwili ya rezo.